Mgonjwa "amezidiwa" kwa Kiingereza: jibu kwa muuguzi aliyechoka kukariri

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni muuguzi katika hospitali ya wilaya, Kanda ya Ziwa. Ripoti za kukabidhiana zamu tunaziandika kwa Kiingereza. Wiki iliyopita niliandika hivi: 'The patient was deteriorated at night and the swelling was reduced.' Daktari akaizungushia wino mwekundu mbele ya wenzangu, hakunieleza kosa liko wapi. Nimekariri vitenzi zaidi ya 60 vya mambo kuimarika na kuzorota: strengthen, worsen, deteriorate, aggravate, escalate na vingine. Maana zake nazijua zote, lakini nikishika kalamu naharibu. Mwakani nataka kufanya mtihani wa OET, ule wa Kiingereza cha wahudumu wa afya. Nifanyeje?"

Marahaba, dada. Pole kwa ule wino mwekundu. Kosa likizungushiwa bila kuelezwa humwachia mtu woga tu, na ninyi mnaoandika ripoti saa tisa za usiku huku ndugu wa mgonjwa wanaita mlangoni mnastahili kuelezwa.

Nimefundisha Kiingereza miaka mingi, kwa sehemu kubwa nikiwafundisha wanafunzi wa uuguzi, na sentensi kama yako nimeisoma katika miandiko mingi tofauti. Maana ya maneno hukuikosea. Tatizo limeanzia kwenye Kiswahili chako, ambacho ni kizuri, na nitakuonyesha hapo hapo kwenye Kiswahili kabla hatujagusa Kiingereza.

Sikiliza unavyosema nyumbani. Barabara imepanuka. Halmashauri imeipanua barabara. Barabara imepanuliwa. Au wodini: uvimbe umepungua, dawa imepunguza uvimbe, uvimbe umepunguzwa. Hali imezorota, uhaba wa damu umeizorotesha hali. Huduma zimeboreka, serikali imeziboresha, zimeboreshwa. Mkia wa kitenzi ndio unaomwambia msikilizaji kama jambo limetokea lenyewe, kama yupo aliyelitenda, au kama limetendwa na mtu asiyetajwa kwanza. Mtoto wa miaka mitano halikosei hilo. Hatakwambia "maji yamepunguza" wakati anataka kusema yamepungua.

Kiingereza hakina mkia huo. Neno "widen" ni lile lile kwa kupanuka na kwa kupanua: "The road widened", barabara ilipanuka, "They widened the road", waliipanua. "Improve" ni kuboreka na ni kuboresha. "Weaken" ni kudhoofika na ni kudhoofisha. Sasa wewe, ambaye sikio lako limelelewa kusikia tofauti, unatafuta mahali pa kuiweka tofauti hiyo. Kitu cha karibu unachokiona ni "was" ikifuatwa na kitenzi chenye "-ed". Unakichukua, nacho bahati mbaya kina kazi nyingine: ni kauli ya kutendwa. "Was deteriorated" inamfikia msomaji kama "alizoroteshwa", naye anabaki anauliza, na nani?

Kuna na mtego wa pili, ambao naamini ndio uliokunasa usiku ule. Kichwani mwako palikuwa na sentensi ya Kiswahili: "Ilipofika usiku mgonjwa alikuwa amezorota." Mkono ukaandika "was" kwa ajili ya "alikuwa", na "deteriorated" kwa ajili ya "amezorota". Ni tafsiri ya neno kwa neno, imefanyika haraka kuliko macho yanavyoweza kuiona. Lakini "alikuwa ame-" ya Kiswahili kwa Kiingereza ni "had": "By midnight the patient had deteriorated." Ukisema "amezorota" hivi sasa, ni "has deteriorated". "Anazidi kuzorota" ni "is deteriorating". Hapo "is" inaruhusiwa kwa sababu ya ile "-ing" inayoifuata. Ukiyashika haya matatu tu, nusu ya wino mwekundu inakauka.

Kwa hiyo ile orodha yako ya 60 usiitupe, ila uipange upya. Maana ya kila neno tayari unayo. Sasa liulize kila moja swali ambalo Kiswahili kilikuwa kinakujibia bila wewe kuliuliza: nani kafanya? Utaona maneno yanajigawa mafungu matatu.

La kwanza ni la vitenzi vya jambo linalotokea lenyewe, vile ambavyo mwalimu wako wa sekondari aliviita si elekezi. Humo muna "deteriorate", "decline", "subside", "dwindle", "wane", "rise", "fall", "recover", "relapse", "flare up". Hivi, kwa maana hiyo ya hali kubadilika, havina shamirisho, yaani mtendwa, na kwa kuwa havina, haviwezi kuwekwa katika kauli ya kutendwa. Hakuna "was deteriorated", hakuna "was subsided", hakuna "was risen". Kamusi kubwa zinaweza kukuonyesha matumizi adimu ya baadhi yake. Kwa kazi yako yaache.

Katika fungu hili naomba usimame kwenye maneno mawili, maana yana madhara. "Recover" ni kupona au kupata ahueni: "The patient has recovered." Ukiandika "The patient was recovered" sentensi haikukataliwa na sarufi, ila imebadilika maana. Kinachokuwa "recovered" kwa namna hiyo ni mwili ulioopolewa ziwani au mali iliyoibwa ikapatikana. Katika faili la mgonjwa, na hasa huko kwenu karibu na maji, hilo ni neno la kuogopwa. Jingine ni "decline". Likisimama peke yake, "She declined overnight", hali yake ilishuka usiku. Likipewa shamirisho, "She declined the injection", alikataa sindano. Neno moja, na tofauti yake ni kubwa kiasi cha kubadilisha atakachomfanyia mgonjwa daktari wa zamu ya asubuhi.

Fungu la pili ni la vitenzi vinavyodai mtendaji na mtendwa: "exacerbate", "aggravate", "relieve", "alleviate", "mitigate", "enhance", "reinforce", "undermine", "impair", "raise", "lower", "reduce". Hapa lazima useme kitu gani kimefanya nini. "The smoke exacerbated her asthma": moshi uliichachamaza pumu yake. Kauli ya kutendwa inaruhusiwa kabisa, kwa kuwa mtendaji yupo: "Her asthma was exacerbated by smoke." Lisilowezekana ni "Her asthma exacerbated", kama vile usivyoweza kusema "pumu yake imechachamaza" ukanyamaza hapo.

Katika fungu hili ndimo lilimo tatizo la nusu ya pili ya sentensi yako, "the swelling was reduced". Neno "reduce" katika maandishi ya namna hii ni punguza, si pungua. Najua Afrika Mashariki kote tunasema "prices have reduced", "the pain has reduced", magazeti yetu yanaandika hivyo na tunaelewana. Siiti hiyo ni ujinga. Lugha ikikaa na watu huzoea nyumba yao. Lakini msahihishaji wa mtihani wa nje hakai nyumba hiyo, na wewe ulijaribu kukwepa kwa kuandika "was reduced", ukaangukia shimo lingine. Katika tiba "reduce" ina kazi yake maalumu: kurudisha mahali pake kilichotoka. Bega lililoteguka huwa "reduced". Mfupa uliovunjika ukinyooshwa huwa "reduced". Ngiri ikisukumwa ndani huwa "reduced". Daktari akisoma kwamba kitu fulani "was reduced", akili yake inatafuta nani aliyeshika na kusukuma. Uvimbe uliopungua wenyewe, andika "The swelling has gone down", au kwa lugha ya faili, "The swelling has subsided".

Na "rise" na "raise" pia zinakaa pande mbili za mpaka huu. "Rise, rose, risen" ni panda. "Raise, raised, raised" ni pandisha au inua. Joto la mwili hupanda lenyewe, "Her temperature rose to 39.5", kichwa cha kitanda hupandishwa na wewe, "I raised the head of the bed". Kwa kushuka, jozi ni "fall" na "lower".

Fungu la tatu ni kubwa kuliko yote, nalo ni vitenzi vinavyofanya kazi zote mbili: "worsen", "improve", "strengthen", "weaken", "increase", "decrease", "ease", "intensify", "escalate", "heal", na karibu vyote vinavyoishia na "-en". Hapa hutakosea muundo, utakosea maana usipoangalia. "Her breathing has improved" ni kupumua kwake kumekuwa kuzuri. "The lighting in the ward has been improved" ni taa za wodi zimeboreshwa, kuna fundi alikuja. Kwa mgonjwa karibu siku zote unataka ile ya kwanza. Kumbe ukiogopa ukaandika "has been improved" kwa kudhani ndiyo ya heshima zaidi, umemgeuza mgonjwa kuwa jengo.

Sasa jambo la pili, ambalo sijaona likielezwa vya kutosha vitabuni. Orodha yako umeiandika kwa safu mbili, naweza kubashiri: upande huu vitenzi vya kuimarika, upande ule vya kuzorota. Safu hizo zinakudanganya. Kuna vitenzi vinavyosema upande tu, juu au chini, nguvu au unyonge, na kuna vitenzi vinavyotoa hukumu, heri au shari. "Rise", "fall", "increase", "strengthen", "weaken" ni vya upande. "Improve", "worsen", "deteriorate" ni vya hukumu. Ukivichanganya utaandika kinyume cha unachokiona kitandani.

Unatumia vipimo ambavyo vitakuonyesha hili kuliko mfano wowote wangu. Kipimo cha fahamu cha Glasgow (GCS), kilichoanza kutumika mwaka 1974, kinahesabu kutoka 3 hadi 15, na namba ikipungua mgonjwa anazama. Kipimo cha tahadhari ya mapema kinachotumika Uingereza, NEWS, kilichotolewa mwaka 2012 na kurekebishwa 2017 kuwa NEWS2, kinakwenda kinyume: namba ikipanda ndipo mgonjwa anazama, na ikifika 7 ni dharura. Kwa hiyo "Her GCS fell from 14 to 10" na "Her NEWS2 score rose from 3 to 8" zina vitenzi vinavyopingana, lakini hukumu ni moja: "She deteriorated." Presha kutoka 180 kwenda 140 "fell", na hapo hali "improved". Oksijeni kutoka 95 kwenda 88 nayo "fell", na hapo hali "worsened". Andika namba kwa vitenzi vya upande, kisha toa hukumu yako kwa kitenzi cha hukumu. Barua zilizoandikwa hivyo husomeka kama maji.

Nje ya wodi utaisikia tofauti hiyo kila siku kwenye taarifa ya habari. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa takriban shilingi 160 za Kenya. Ilipofika Aprili ilikuwa karibu 130. Namba imeshuka, lakini habari za Kiingereza zilisema "The shilling has strengthened", kwa sababu aliyepata nguvu ni shilingi. Wanafunzi wangu wengi walisoma 160 kuwa 130 wakaandika "weakened". Na mwanzoni mwa Mei mwaka huo huo, Kimbunga Hidaya kilipata nguvu baharini mashariki ya Tanzania kisha kikapungua nguvu kilipoifikia pwani. Wa hali ya hewa husema kimbunga "intensified" au "strengthened", kisha "weakened". Kwa wavuvi, ile "strengthened" ndiyo iliyokuwa habari mbaya na "weakened" ndiyo iliyowapa usingizi. Kwa hiyo "strengthen" usiliweke safu ya mambo mema. Liweke safu ya nguvu, uangalie nguvu ni ya nani.

Tukirudi kwenye maneno yenyewe. Kila kitenzi kina rafiki zake, na hili nalo Kiswahili kinalo. Mvua hushika kasi, haivimbi. Bei hupaa. Pumu humbana mtu. Ugomvi hupamba moto. Huwezi kuhamisha hovyo. Kiingereza kinafanya vivyo hivyo, na mara nyingi kinafuata picha iliyofichika ndani ya nomino. Mgogoro wanauona kama shimo, kwa hiyo "the crisis deepens". Tofauti ya kipato wanaiona kama ufa, kwa hiyo "the gap widens". Ulinzi wanauona kama kamba, kwa hiyo "security is tightened". Wasiwasi na deni hurundikana, hivyo "mounts". Vurugu hupanda ngazi, "escalates", na neno hilo kweli limetoka kwenye ngazi: limenyofolewa kutoka "escalator", jina la ngazi ya umeme lililosajiliwa Marekani kama alama ya biashara mwaka 1900. Utalikuta hospitalini pia kwa maana ya kupeleka suala kwa wakubwa: "I escalated my concern to the doctor on call." Hapo hujazidisha ugomvi, umetimiza wajibu.

Kwa kazi yako, shika marafiki hawa kwanza, mengine yatakuja. Maumivu "worsens" au "intensifies", kisha "eases" au "subsides". Homa hupanda "rises", hushuka "comes down". Uvimbe "goes down". Kidonda "heals", kikitunga usaha "festers". Kutokwa na damu "slows" kabla ya "stops". Kikohozi na vipele vikiisha "clear up". Dalili zote zikiondoka, lugha ya faili ni "Her symptoms have resolved". Macho ya mzee hayadhoofiki kwa "weaken" tu, mara nyingi husemwa "His eyesight is failing". Nguvu za mgonjwa zikimtoka pole pole, "Her strength is ebbing", na neno hilo "ebb" ndilo kupwa kwa maji. Watu wa pwani hawahitaji kamusi hapo.

Ugonjwa wenyewe, tafadhali, usiseme "has increased". Najua ni "ugonjwa umezidi". Lakini "increase" ni la vitu vya kuhesabika au kupimika: idadi ya wagonjwa, kiwango cha sukari, dozi. Ugonjwa wa mtu mmoja "worsens" au "progresses". Na lile neno letu zuri, amezidiwa, halina mwenzake kamili. Kwa ndugu zake utasema "She's getting worse". Kwa mwenzako simuni, "She's taken a turn for the worse". Kwenye faili, "Her condition has deteriorated". Uzito wa jambo ni ule ule, msikilizaji ndiye aliyebadilika. Wanafunzi wengi hudhani neno refu ndilo sahihi popote, wakamwambia mama mwenye hofu "deterioration". Usimfanyie hivyo.

Kuhusu vile vya "-en", umeniuliza kimoyomoyo kwa kuandika "strengthen" mwanzo wa orodha, kwa hiyo nijibu. Kivumishi kifupi kinachoishia kwa sauti kavu kama k, t, d, p, f au s kinaweza kupokea "-en" kikawa kitenzi: "weak" na "weaken", "dark" na "darken", "tight" na "tighten", "hard" na "harden", "stiff" na "stiffen", "loose" na "loosen". Kinachoishia kwa sauti ya puani, kwa l, kwa r au kwa irabu hakipokei. Ndiyo maana hakuna "thinnen", "coolen", "clearen" wala "slowen". Kivumishi chenyewe kinageuka kitenzi bila kuongezwa kitu: "His pulse slowed", "The rash cleared". Sasa tazama "strong" na "long". Yanaishia kwa sauti ya ng' kama ya ng'ombe, mlango umefungwa, na "high" linaishia kwa irabu. Kiingereza kimezunguka kikapitia kwenye nomino: "strength" kikapata "strengthen", "length" kikapata "lengthen", "height" kikapata "heighten". "Bad" nalo limekwepwa, wamechukua "worse" wakapata "worsen". Na kwa kuwa "worse" tayari ina maana ya kuzidi, usiongeze "more" mbele yake, wala mbele ya "worsen".

Kanuni hii inakuonyesha kisichowezekana tu. "Cold" linaishia kwa d na bado hakuna "colden". Usijitungie.

Matamshi mawili ya haraka: baada ya s au f, ile t ya "-ten" haitamkwi. "Moisten", "fasten", "soften" husikika kama moisen, fasen, sofen. Lakini "tighten", "shorten" na "flatten" t yake ipo. Na usichanganye "lose" na "loose" na "loosen": ya kwanza ni kupoteza, ya pili ni kivumishi cha kulegea, ya tatu ndiyo kitenzi cha kulegeza au kulegea. "Loosen the bandage", legeza bandeji.

Yale maneno mazito ya fungu la pili nayo yanakaririka vizuri ukijua mzizi wake wa Kilatini. "Aggravate" lina uzito ndani yake, ni kuongeza mzigo. "Alleviate" lina wepesi, ni kuupunguza. "Exacerbate" lina uchungu na ukali. "Mitigate" lina ulaini. "Deteriorate" limetokana na neno lenye maana ya baya zaidi. Ndiyo sababu unapochukua historia ya maumivu unaulizwa "aggravating factors" na "relieving factors": ni kipi kinaongeza mzigo, ni kipi kinautua.

Namna ya kujifunza, basi. Chukua daftari dogo linaloingia mfuko wa gauni lako la kazi. Kila kitenzi kiandike ndani ya sentensi ya mgonjwa uliyemwona mwenyewe, bila jina lake, na chini yake andika Kiswahili chake chenye mkia kamili: umepungua au umepunguza, ameimarika au ameimarishwa. Ule mkia ndio ukaguzi wako. Kama Kiswahili chake ni cha kutokea chenyewe, ondoa "was" na "were". Vitenzi vitatu kwa zamu vinatosha. Katika miezi miwili utakuwa umepita mia moja, na vyote utakuwa umevishika kwa mkono, si kwa kuimba. Kusikiliza taarifa za hali ya hewa na za fedha kwa Kiingereza kutakusaidia zaidi kuliko orodha yoyote, kwa sababu humo vitenzi hivi havipumziki.

OET sehemu ya kuandika kwa wauguzi ni barua, mara nyingi ya rufaa, unayoitunga kutokana na maelezo ya mgonjwa: dakika 5 za kusoma, 40 za kuandika, maneno kama 180 hadi 200. Nafasi ni finyu, na hadithi yake karibu kila mara ni ile ile: aliingia hivi, akazidiwa, akatibiwa, akapata nafuu au hakupata. Nimekuandikia kipande cha barua ya namna hiyo, mgonjwa ni wa kubuni. Kisome mara mbili, ya pili kwa sauti.

"Mrs N, a 54-year-old farmer, was admitted with an infected left leg. On the second day her pain worsened and her temperature rose to 39.4. Her antibiotics were changed and the swelling gradually subsided. On the fourth night, however, her condition deteriorated: her respiratory rate increased to 28 and her oxygen saturation fell to 88%. On oxygen her breathing has eased and her saturation has improved to 94%."

Yaani: mama mkulima wa miaka 54 alilazwa mguu wa kushoto ukiwa umeingia maambukizi. Siku ya pili maumivu yalizidi na joto lilipanda hadi 39.4. Dawa zilibadilishwa, na uvimbe ukapungua pole pole. Usiku wa nne hali yake ikazorota, pumzi zikaongezeka hadi 28 kwa dakika, oksijeni ikashuka hadi 88. Baada ya kuwekewa oksijeni kupumua kumekuwa kwepesi, na kiwango kimepanda hadi 94.

Hesabu kauli za kutendwa humo. Ziko mbili tu, "was admitted" na "were changed", kwa sababu kuna mtu aliyemlaza na kuna daktari aliyebadilisha dawa. Mengine yote, maumivu, joto, uvimbe, pumzi, mwili wa mama huyo umeyafanya wenyewe.